Siku Dereva Alipomsogeza Mnara

Watu wa mtaa ule waliendelea kumwita Dereva hata baada ya kuacha gari, na yeye hakuona sababu ya kuwasahihisha. Alikuwa ameendesha lori tangu ndevu zianze kumchipuka. Alibeba saruji, mbao, mabati na magodoro, na sauti yake ilizoea kushindana na injini, kiasi kwamba akikusalimu kutoka upande wa pili wa barabara, wewe na majirani zako wote mmeshasalimiwa.

Kilichomtoa barabarani kilikuwa kidogo kuliko watu walivyotegemea. Hakupinduka, hakugongana na mtu. Alipanda juu ya mzigo akaze kamba ya turubai, kamba ikakatika, akatua chini kwa goti la kushoto. Goti lilipasuliwa, likashonwa, likapona kwa namna yake, lakini daktari alimwambia wazi kwamba mguu ule hautaweza tena kukanyaga klachi kutwa nzima.

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mikono?"

"Mikono ina nini?"

"Haina kitu. Nauliza tu kama nayo umeipiga marufuku."

Ndivyo alivyokuwa. Mlango ukifungwa mbele yake, yeye tayari anakadiria upana wa dirisha.

Nyumbani, hata hivyo, alikuwa kero. Mtu aliyezoea kuamka mji huu na kulala mji mwingine hawezi kukaa kitako akahesabu nzi. Alihamisha kabati. Alilirudisha. Aliingia jikoni akapanga vyombo upya, sufuria kubwa chini, ndogo juu, vikombe vimetazama ukuta, na vyote akavipitishia kamba "visitikisike." Siku mkewe alipotafuta kichujio cha chai akakikuta kimefungwa kwa fundo la turubai, alikaa kwenye kigoda akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema kama mtu aliyekwisha kukata shauri:

"Baba watoto, hapa ama nihame mimi, ama kesho twende wote dukani."

Duka lilikuwa la mkewe, na lilikuwa la kuchapa mabango, kadi na stika za kila aina. Ndiyo maana mtaani alijulikana kwa jina la Mama Stika. Ndipo mahali walipojuana pia. Dereva, kijana wakati huo, alikwenda kutaka maneno ya kubandika nyuma ya lori. Akarudi kusema herufi zimepinda. Akarudi tena kusema zimenyooka mno. Mara ya tatu Mama Stika aliweka mkasi chini akamwuliza waziwazi kinachomleta pale ni stika au ni mwenye stika.

Chumba cha mbele kilikuwa chembamba, na benchi la wateja lilibana ukuta uliojaa sampuli: nyuso za maharusi, nembo za shule, mbuzi wa tangazo la bucha aliyekuwa akitabasamu bila kujua. Chumba cha nyuma kilikaliwa na mashine kubwa ya kuchapia iliyonguruma taratibu na kutoa harufu ya wino wa moto. Vipande vya stika vilitapakaa sakafuni. Ukitoka pale lazima utembee na herufi mbili tatu chini ya viatu, na Dereva aliwahi kuingia benki na neno HERI kwenye kisigino.

Alianza kwa kukata kingo na kutoboa mabango matundu ya kamba. Haukupita muda akavuta kiti karibu na kompyuta, akaanza kuuliza. Mama Stika alimweleza kwamba picha kama ile ya bango haikai kipande kimoja. Kila kitu kina karatasi yake isiyoonekana, na karatasi hizo zimelaliana, moja juu ya nyingine. Wenye kazi huziita leya. Iliyo juu hufunika iliyo chini, na pembeni mwa kioo cha kompyuta kuna orodha yake.

"Kumbe ni mzigo!" Dereva alisema, na fundi redio wa duka la pili akachungulia kuona kuna nini. "Cha juu unakiona. Cha katikati, ole wako kama hukumbuki ulikiweka wapi."

"Basi umeelewa," mkewe alisema, akaendelea na kazi.

Kwa kweli alikuwa ameelewa nusu. Nusu nyingine ilikuwa mikononi mwa Mama Stika, na mikono hiyo ilikwenda mbio kama mashine ya cherehani. Alibonyeza hapa, akashika kule, picha zikaruka na kutua mahali pake, na ukimwuliza amefanyaje, hata yeye alilazimika kufikiri. Dereva akajifunza kwa kuchungulia juu ya bega lake, kama utingo wa lori wa zamani aliyejifunza gia kwa kutazama mguu wa bosi wake. Fundi redio hakuacha kumtania.

"Dereva, jogoo wa shamba hawiki mjini."

"Inategemea nani kamfungulia banda," Dereva alijibu, na mkewe, bila kuinua uso, alitabasamu.

Asubuhi moja, kabla hata chai haijachemka, simu ikaita. Mdogo wake Mama Stika alishikwa na uchungu wa kuzaa, naye alikaa mji wa jirani. Mama yao alikuwa mzee, macho yake hayamtoshi, na mume wa huyo mdogo alikuwa mtu wa kuzimia akiona sindano. Mama Stika akafunga kanga chache kwenye mfuko, huku akitoa maagizo.

"Stika za pikipiki ziko kwenye bahasha, mwenyewe atazifuata. Kadi zimekwisha. Bango la netiboli limebaki kidogo, Kocha akija mwambie asubiri nirudi."

"Nimesikia. Msalimie shemeji. Mwambie asukume kwa gia ya kwanza."

"Wewe!" Mama Stika alimpiga na ncha ya kanga, akatoka mbio kuwahi basi.

Jua lilipopanda Dereva alifungua duka akipiga mluzi. Hajamaliza kufagia, Kocha huyo mlangoni. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na filimbi ilining'inia shingoni mwake hata siku ambazo hakukuwa na mechi. Yeye na Mama Stika walisoma pamoja, kwa hiyo Dereva kwake alikuwa shemeji, na shemeji hana siri.

"Shemeji, bango langu."

"Mwenye bango kasafiri. Kasema umsubiri."

"Nimsubiri? Wenye uwanja wametubadilishia siku. Fainali ni leo alasiri!" Kocha akajitupa kwenye benchi, benchi likalalamika. "Watu watajaa, wenzetu wana bango refu kama uzio, na sisi tutundike nini? Kanga?"

Dereva akawasha kompyuta, akalitafuta bango, akalifungua. Lilipendeza. Wachezaji walikuwa wamesimama safu moja, jezi za kijani, nyuma yao uwanja, na juu ya kila kitu Mama Stika alikuwa ametandaza mwanga wa dhahabu kama wa jua la jioni. Kila mchezaji alipigwa picha peke yake kwa siku yake, lakini usingejua.

"Mbona limekwisha," Dereva alisema. "Nalichapa sasa hivi."

Kocha aliinama kwenye kioo. Furaha ikamtoka usoni.

"Halijaisha. Mbona Mnara yuko pembeni? Nilimwambia mkeo amweke katikati."

Mnara alikuwa mfungaji wao, dada mrefu kuliko wanaume wengi wa mtaa, mikono yake ukidhani imeongezwa kwa fundi. Kwenye bango alisimama mwisho kabisa upande wa kulia, mpira ameuinua juu ya kichwa.

"Kila picha ya timu hii," Kocha alisema kwa sauti ya chini, "Mnara yuko pembeni. Mpiga picha akija tu: wewe mrefu, nenda mwisho, unatuharibia safu. Amekuwa kama nguzo ya umeme. Na magoli ni yake! Leo ndiyo mechi yake ya mwisho, shemeji. Amepata kazi mbali, anaondoka. Nilimwahidi kwamba safari hii atakaa katikati, ubavuni mwa nahodha."

Dereva akavuta kiti. Akafungua soda, akampa mgeni wake.

"Hilo tu? Kunywa, shemeji. Kabla hujafika nusu ya chupa, Mnara atakuwa katikati."

Akakishika kipanya, akaweka mshale kifuani kwa Mnara, akabonyeza, akavuta kwenda kushoto. Mnara hakutikisika. Ila kule mwisho wa upande wa pili, mlinda goli aliondoka taratibu, akatoka nje ya bango, ikabaki nusu ya bega.

"Unamtoa mlinda goli wangu!" Kocha alipiga kelele.

"Namtoa mazoezini," Dereva alisema, akamrudisha. Akabonyeza tena juu ya Mnara, safari hii kwa nguvu, kana kwamba kipanya ni kiziwi. Akavuta. Mlinda goli akaondoka tena.

Kocha alikunywa funda moja, akasema kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Dereva alikumbuka kuwa Mama Stika, kwenye kazi nyingine, huweka alama kwenye kijisanduku fulani juu ya kioo, halafu kila anachokibonyeza ndicho kinachomfuata. Akakitafuta, akakiona, akaweka alama. Akambonyeza Mnara kwa mbwembwe na kuvuta.

Sasa hakuna mchezaji aliyesogea. Kilichosogea kilikuwa jua. Ile dhahabu yote ya jioni iliteleza kwenda kushoto kama shuka linalovutwa na aliyelala, na Mnara akabaki kwenye ukanda wa rangi ya majivu, amepauka kama mgonjwa.

"Shemeji," Kocha alisema polepole, "umelichwesha jua."

Fundi redio alikuwa ameshafika mlangoni, mikono nyuma, hana haraka. "Jogoo anawika?" aliuliza.

"Anasafisha koo," Dereva alisema.

Mtu mwingine angeanza kutoka jasho. Dereva alihisi kitu tofauti, hisia aliyoikosa tangu alipoanguka: ile ya gari lililogoma mlimani, abiria wanakutazama, na wewe peke yako ndiye unayejua kwamba gari hili lazima litawaka. Alinyoosha mguu mbovu chini ya meza. Akampigia mkewe simu, lakini kwanza aliuliza habari za shemeji, kama inavyopasa.

"Ndiyo kwanza tumefika hospitali, bado hajajifungua," Mama Stika alinong'ona. Nyuma yake milango ilikuwa ikifunguliwa na kufungwa. "Umeharibu nini?"

"Sijaharibu. Nauliza tu. Ukimshika mtu akasogea mwenzake..."

"Dereva, umeshika mwingine bila kujua. Tazama kwenye orodha, usitazame kwenye pi... Naam, nesi, nakuja!" Simu ikakatika.

Aliiweka mezani. Usitazame kwenye picha. Akarudisha nyuma kila alichokifanya, hatua baada ya hatua, jua likarudi, mlinda goli akarudi. Kurudi nyuma na tela kichochoroni hakukuwahi kumshinda, sembuse hili.

"Gari likigoma," akamweleza Kocha, maana hakuweza kufanya kazi kimya, "mjinga anarukia injini. Mimi naanza kuuliza: kuna mafuta? Betri imeshika? Basi hapa nauliza, nimeshika nini?"

Akatazama orodha pembeni ya kioo. Mstari mmoja tu ulikuwa umekoza rangi, na ndani yake kulikuwa na kapicha kadogo ka mlinda goli. Ndiye mtu wa mwisho Mama Stika kumshughulikia kabla ya kufunga kazi jana yake. Kwa hiyo kompyuta ilikuwa bado imemshika yeye. Dereva angebonyeza popote, juu ya Mnara, juu ya mpira, juu ya mawingu, lakini ni mlinda goli ambaye angeondoka.

"Na lile jua?" Kocha aliuliza. Soda alikuwa ameisahau mkononi.

"Lile nalo haki yake. Nilipoweka alama pale, niliiambia mashine ishike chochote kilicho juu kabisa chini ya mshale. Na juu kabisa kuna nini? Mwanga wa mke wangu. Umefunika bango zima kama turubai! Nilidhani nambonyeza Mnara kumbe nabonyeza turubai." Alicheka kwa sauti iliyofika kwa muuza viatu wa ng'ambo ya barabara. Akaiondoa ile alama.

Ilibaki kumtafuta Mnara mwenyewe kwenye orodha, na orodha hiyo ilikuwa ndefu, tena Mama Stika hakuwa na desturi ya kuandika majina. Kapicha kalikuwa kadogo mno, wachezaji wote kijani, na maandishi yalisema leya ya nane, nakala ya leya ya nane, nakala ya nakala. "Mke wangu," Dereva aliuambia ukuta, "nani anapakia magunia bila kuyaandika?"

Kando ya kila mstari palikuwa na jicho dogo. Ukilibonyeza, jicho hufumba, na kitu chake hutoweka kwenye picha mpaka ulifumbue. Dereva akaanza juu. Akafumba jicho la kwanza, dhahabu ikazimika. Akalifumbua, akaandika jina: MWANGA, USIGUSE. Akafumba la pili, nahodha akatoweka, Kocha akashtuka, nahodha akarudi, akaandikwa. Wakashuka hivyo hivyo, Dereva akifumba na Kocha akitaja majina kama anayeita mahudhurio, hata fundi redio akasogea ndani na kuegemea benchi.

"Huyo! Huyo hapo!" Kocha alisema Mnara alipotoweka.

Dereva akamshika kwenye orodha, akavuta. Hakusogea. Hakusogea mtu yeyote.

"Mafuta yapo, betri ipo," fundi redio alisema kwa upole wa kuudhi.

"Breki ya mkono," Dereva alimjibu, na kweli alikuwa ameiona: kufuli dogo mwisho wa mstari. Mama Stika alizoea kufunga kila alichokimaliza kisije kikaguswa kwa bahati mbaya. Kila kitu kilikuwa na kufuli, isipokuwa mlinda goli na ule mwanga, kazi ambazo hazikuwa zimemalizika. Dereva akalibonyeza, likatoka. Akavuta.

Mnara akaondoka. Aliteleza kutoka pembeni, akapita nyuma ya wenzake mmoja mmoja, mrefu, mtulivu, mikono juu, mpaka katikati ya bango. Kocha alipuliza filimbi humo humo dukani, na mtu aliyekuwa akipita nje na baiskeli alifunga breki.

Kisha wote watatu wakatazama vizuri. Mnara alikuwa ameinua mikono mitupu. Mpira wake ulibaki kule pembeni, unaelea hewani bila mwenyewe, na chini yake kivuli cha Mnara kililala kwenye nyasi kikimngojea. Tena alikuwa nyuma ya nahodha, ubavu mzima umefichwa, kama mtu anayechungulia dirishani mwa jirani.

Fundi redio ndiye aliyeanza kucheka. Kocha akafuata, akashika mbavu, benchi likatetemeka. Dereva naye alicheka, lakini vidole vyake tayari vilikuwa kwenye kitufe cha kurudisha nyuma.

"Mke wangu ana kazi safi kweli," alisema. "Mpira kaukata peke yake. Kivuli nacho peke yake. Mimi nimeita abiria nikasahau mizigo yake."

Hakuwa na haraka sasa. Akafumba macho mengine mpaka akaupata mpira, akaufungua kufuli, kisha kivuli, nacho vilevile. Akawashika wote watatu pamoja kwenye orodha na kuwafunga kwa alama ya mnyororo, ile aliyoiona mara nyingi juu ya bega la mkewe bila kujua ni ya nini. Akamvuta Mnara. Mpira ukaja. Kivuli kikaja, kikiburuzika nyasini kama mtoto mtiifu. Akawainua wote watatu juu ya nahodha kwenye orodha, lakini chini ya mwanga, na Mnara akatoka mafichoni akasimama ubavuni mwa nahodha, dhahabu ikimmulika uso. Wale wa kulia akawafungua kufuli na kuwasogeza kidogo, pamoja na vivuli vyao, wazibe pengo.

Kocha alichomoa kitambaa akapenga kamasi.

"Chapa," alisema.

"Bado. Gari haliondoki kabla sijalizunguka."

Akalizunguka bango kwa macho, pembe hadi pembe, akaona jambo ambalo wenzake hawakuliona. Mlinda goli, ambaye Mama Stika hakuwa amemmaliza, alikuwa bado hajatua vizuri. Mguu wake mmoja ulielea juu ya nyasi upana wa kidole. Akamshusha, akaongeza kufuli, akachapa. Mashine ya nyuma ikanguruma, na bango likaanza kutoka taratibu, nyasi kwanza, viatu, magoti, jezi, likikunja mgongo sakafuni huku Kocha akilipokea kwa mikono miwili.

Alasiri Dereva alifunga duka akaenda uwanjani, akichechemea, na vitanzi vya kamba begani. Alilitundika mwenyewe, kwa mafundo yake. Mnara alipokuja kupasha misuli moto alipita mbele ya bango bila kulitazama, kama mtu anayejua atajikuta wapi. Akafika mwisho wa upande wa kulia, akajitafuta, akajikosa. Dereva aliona mabega yake yakishuka: alidhani safari hii wamemwondoa kabisa. Kisha Kocha akamwelekeza kwa kidole. Mnara akarudi nyuma hatua chache ili alione lote, akasimama hapo muda mrefu akiwa ameshika kiuno. Baadaye alimfuata Dereva.

"Kaka Dereva, ni wewe uliyeniweka pale?"

"Kocha ndiye aliyesema. Mimi nimekubeba tu."

"Nina uzito?"

"Wewe mwepesi. Mpira wako ndio uliotusumbua."

Fainali walishindwa kwa goli moja, na refa alilaumiwa na kila mwenye mdomo. Bango halikushushwa mpaka giza lilipokaribia, maana watu walipanga foleni kupigwa picha mbele yake.

Mama Stika alirudi na habari za mtoto wa kike mwenye sauti, "ameirithi kwa mume wa mama yake mkubwa, sijui kwa njia gani." Kabla hata ya kuvua viatu aliwasha kompyuta kulitazama bango. Akaangalia picha, kisha orodha, akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini: mwanga usiguse, Mnara, mpira wa Mnara, kivuli cha Mnara, nahodha, mlinda goli mtoro. Dereva alisimama nyuma yake akingoja kusifiwa na hakujificha kwamba anangoja.

"Nani aliyekuruhusu kufungua makufuli yangu?"

"Uliniachia duka. Dereva akiachiwa gari anaachiwa na funguo."

Mama Stika alimvutia kiti. "Kaa. Nionyeshe mpira uliupataje, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshasahau nimeuweka wapi."

Tangu hapo picha za watu wengi zilikuwa kazi ya Dereva, timu, kwaya, mahafali, na Mama Stika akabaki na kadi na herufi alizozipenda. Walinunua kompyuta ya pili. Waligombana kuhusu majina ya leya karibu kila wiki, na kila mmoja aliamini ndiye anayeshinda.

Siku chache baada ya Mnara kuondoka, mama mmoja mzee aliingia dukani taratibu, mrefu, amejikunja kidogo mgongoni kama watu warefu wanavyozeeka. Dereva alimjua kabla hajasema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Naambiwa ni wewe mwenye ile picha ya binti yangu. Nataka ndogo, ya ukutani."

Dereva akaifungua kwenye kioo. Mama alisogea karibu sana, akaitazama bila kupepesa.

"Huwa anapigwa picha pembeni," alisema. "Hata nyumbani. Mimi pia, enzi zangu." Akaikunjua kanga begani na kuikunja tena. "Mwanangu, kompyuta hii inaweza kunitia na mimi hapo? Sina picha hata moja niko naye tangu awe mtu mzima."

"Inaweza, mama. Kaa hapo penye mwanga. Hapana, simama, simama kabisa, nyoosha mgongo." Dereva alichukua kamera ya duka, akapiga goti lake zima chini, lile jingine akalinyoosha pembeni. "Nikuweke upande gani wa mwanao?"

Mama alifikiri kwa makini.

"Kulia kwake," alisema. "Sikio langu la kushoto ndilo linalosikia."